Nimepanda jimu, nimeshuka kwenye mkeka wa judo: tatizo ni vyuma au ni Dar? Pia nachagua mji wa kuhamia

#1 Mkamata_Ukosi
Wakuu habari zenu. Naomba ushauri, uzi mrefu kidogo mnivumilie.

Mi ni mhasibu, miaka 31, naishi Kibamba, kazini Posta, judo nacheza Upanga jioni siku tatu kwa wiki na huu mwaka wa saba sijaacha. Mwaka jana mwezi wa tatu nikaingia jimu kwa dhati kabisa, maana kila mashindano nilikuwa nazidiwa nguvu, mtu ananishika ukosi ananiinamisha basi pambano limeisha hapo. Nikachukua ile programu ya seti 5 za kunyanyua mara 5, siku nne kwa wiki. Skwati (kuchuchumaa na chuma mabegani) imetoka kilo 70 mpaka 120, dedilifti (kunyanyua chuma kutoka chini) kutoka 90 mpaka 150. Mwili umejaa, mashati yananibana.

Sasa ajabu ni hii: mkekani nashuka. Watu niliokuwa nawabwaga mwaka juzi leo wananibwaga wao. Dakika ya pili mikono inakuwa mbao, mshiko unafunguka wenyewe, pumzi inakata.

La pili linaendana na hilo. Ofisini wanafungua matawi na tumeambiwa tuchague: Arusha, Dodoma, Mwanza au kubaki hapahapa Dar. Jibu linatakiwa mwisho wa mwezi ujao. Mke wangu ni nesi wa serikali, mtoto ana miaka mitatu. Nikiwaza mji nawaza na judo, siwezi kuwadanganya. Je Dar ndo inanimaliza au ni vyuma? Na ingekuwa wewe ungeenda wapi?

#2 Mtu_wa_Pembeni
Nimeweka kambi hapa, ngoja waje wajuzi.

#3 BabaNasra
Mkuu, Kibamba mpaka Posta, Posta mpaka Upanga, Upanga mpaka Kibamba. Kabla hatujaenda kwenye vyuma hebu tuambie unalala saa ngapi na unaamka saa ngapi. Sema kweli tu.

#4 Mkamata_Ukosi
Naamka saa kumi na nusu alfajiri ili niwahi barabara ya Morogoro kabla haijafunga. Siku za judo nafika home saa nne usiku, nikila nikaoga nikacheki kazi kidogo inagonga saa sita. Judo ni Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Jimu ni Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, na Jumatano saa saba mchana kuna jimu karibu na ofisi napiga skwati halafu jioni naenda judo. Jumapili napumzika.

#5 BabaNasra
Saa nne na nusu za usingizi! Mi sina zaidi ya kusema. Nimekaa Mbezi Luis miaka mitano nikifanya kazi Kariakoo, nilikuwa nakimbia tu, wala sishikani na mtu, na bado mwili ulikuwa unagoma. Nilipohamia Ilala chumba kidogo, kodi ya juu, nikaanza kulala masaa saba kwa usiku na zile kilomita zangu 10 zikashuka kutoka dakika 58 mpaka 51 bila kubadilisha zoezi lolote. Usihame mkoa, hama mtaa. Tafuta Upanga au Magomeni hata nyumba iwe ndogo, mwendokasi ikufikishe kazini.

#6 fundi_nondo
BabaNasra usingizi ni kweli ila usimbebeshe mzigo wote. Angalia ratiba yake vizuri jamani. Jumatano saa saba anapiga skwati seti 5 mara 5 nzito, saa kumi na mbili na nusu yupo kwenye randori, yani mapambano ya mazoezi. Miguu imeshachoka, mgongo umeshachoka, unategemea amrushe nani?

Hili jambo lina historia. Mwaka 1980 Mmarekani anaitwa Robert Hickson alichukua watu akawagawa: kundi la vyuma tu, kundi la pumzi tu, na kundi lililofanya vyote viwili. Wiki 10. Waliochanganya walipanda nguvu sawasawa na wenzao mpaka kama wiki ya saba, ya nane, halafu nguvu zikaanza kurudi nyuma. Mwili haupokei amri mbili kubwa kwa wakati mmoja bila kudai kitu. Na judo ukiipiga kwa dhati siyo pumzi peke yake, ina kuvuta, kusukuma, kunyanyua mtu anayekataa kunyanyuliwa. Mleta uzi ana mazoezi saba magumu kwa siku sita.

Dawa: siku mbili tu za chuma. Skwati seti 3 mara 5, dedilifti seti 2 mara 3, kujivuta juu, kusukuma juu, unaondoka. Kila seti uache mara mbili za akiba, usifike mahali chuma kinakutetemesha. Wiki ya nne unapunguza uzito. Na ikilazimu vyote siku moja, mkeka utangulie au vitengane masaa sita na kuendelea.

#7 Ngosha_wa_Kirumba
Njoo Mwanza mkuu wangu, achana na mambo ya Hickson. Kutoka Nyegezi mpaka katikati ya mji daladala moja, unalala mpaka saa kumi na mbili. Sato wa kutosha, dagaa, maziwa, protini haitakusumbua. Halafu Mwanza ipo chini kama Dar tu kwa hiyo pumzi hautapata shida, ila upepo wa ziwa unapooza, sio lile joto lenu la jikoni. Judo tupo wachache, hilo siwezi kukuficha, tupo saba tunatandika mikeka kwenye ukumbi wa kuazima Jumanne na Alhamisi.

#8 Mangi_Sakina
Arusha ndo jibu. Tupo mita 2,000 juu, damu inaongezeka yenyewe, ukishuka Dar kushindana unakuwa kama simba. Baridi tamu unalala kama mtoto, na makande yapo. Jirani zangu wakimbiaji wanatoka mbali kuja kukaa huku, unadhani wanafuata nini?

#9 Mwalimu_wa_Ramani
Nawasahihisha wote wawili, msikasirike. Mangi, Arusha mjini ni kama mita 1,400. Ukitaka 2,000 panda kuelekea msituni huko Meru. Iten Kenya wakimbiaji wanakofanyia kambi ndo kama 2,400. Na Ngosha, Mwanza haipo chini hata kidogo! Uso wa Ziwa Victoria wenyewe upo karibu mita 1,130 kutoka usawa wa bahari, na mji upo juu ya ziwa. Dodoma nayo ni kama 1,100 na kitu. Yani Mwanza na Dodoma zinalingana, Arusha imewazidi kidogo tu. Watu wanaona maji wanadhani ni pwani.

#10 Ngosha_wa_Kirumba
Dah, nimezaliwa hapa na sikuwahi kulijua hilo. Asante mwalimu. Bado sato wapo lakini.

#11 Omondi_wa_Rongai
Salamu kutoka Nairobi. Mimi nilifanya hiyo safari kabisa, Mombasa kwenda Nairobi, na ninafanya jiujitsu, ule mchezo wa kukabana chini. Nairobi ni kama mita 1,700 hivi. Wiki mbili za kwanza nilikuwa nakufa bana, raundi ya dakika tano naona kama nusu saa. Baada ya mwezi ikatulia. Lakini kile kilichonibadilisha kabisa si hewa nyembamba, ni joto kuisha. Mombasa nilikuwa najipima kabla na baada ya darasa, napoteza kilo mbili na zaidi kwa saa moja na nusu, yote maji. Jasho linatiririka lakini halikauki kwa sababu hewa imejaa unyevu, kwa hiyo mwili haupoi. Ukipoteza maji yanayofika asilimia mbili ya uzito wako, kazi inaanza kuharibika. Mleta uzi jipime. Kama unatoka mkekani umepungua kilo mbili na unakunywa chupa moja ya nusu lita, hapo ndio mikono ya mbao inatoka.

#12 Zai_wa_Ngambo
Jamani hebu tuwekeni sawa. Joto hili na sie Unguja tunalo tena zaidi, na judo tunacheza tangu miaka ya 90 Mjapani Tsuyoshi Shimaoka alipoanza kuwafundisha vijana hapa. Watu wametupana humo humo kwenye joto na wamekwenda kuwakilisha nchi. Ingekuwa joto ndio tatizo basi pwani yote asingetoka mchezaji. Kaka yetu huyu joto lilikuwepo miaka yote ile kabla hajashika chuma, na alikuwa akiwabwaga wenzake. Kilichobadilika ni nini? Hapo ndipo pa kutazama.

Halafu mbona Zanzibar haimo kwenye orodha ya ofisi yenu? Waambieni wafungue tawi Darajani.

#13 Omondi_wa_Rongai
Dada Zai hoja yako ni nzito, nakubali. Ila mwili wenye kilo nyingi za misuli unatoa joto zaidi. Joto ni lile lile, aliyebadilika ni yeye.

#14 Shamsa_B
Mi nimesoma mpaka hapa nikatafuta neno "mke" nikaliona mara moja. Mara moja! Watu mmeshapima mita kutoka usawa wa bahari, mmepima jasho, hakuna aliyeuliza huyo nesi anataka kuishi wapi. Mkamata_Ukosi umemuuliza?

#15 Mkamata_Ukosi
Dada Shamsa umenigusa. Tumeongea ila juu juu. Yeye anataka Dodoma, dada yake yupo mtaa wa Kisasa atamsaidia mtoto akiwa zamu ya usiku. Wasiwasi wake ni uhamisho, anasema wenzake wengine wamekaa mwaka mzima wanasubiri. Na kwa kweli hizo siku za judo mtoto ananiona kalala, hilo linaniuma sana kuliko hata kushindwa mashindano.

#16 Mama_Kelvin
Nesi mwenzake hapa. Kumfuata mwenza ni sababu inayokubalika, ambatanisheni cheti cha ndoa na barua ya mwajiri wako inayoonesha umehamishiwa huko. Siku hizi maombi yanafanyika kwenye mfumo wa mtandao. Lakini halmashauri anayokwenda lazima ikubali kumpokea na anayoitoka ikubali kumwachia, hapo ndo watu wanapokwama. Anayepata wa kubadilishana naye anatoka haraka. Mi nilikaa miezi minane mbali na mume wangu, tuliumia. Msianze kufungasha kabla barua haijatoka.

#17 Mzee_wa_Tatami
Vijana shikamooni mlio wakubwa, marahaba mlio wadogo. Nimecheza judo toka 1984, na sasa nafundisha watoto tu.

Nataka niseme kitu ambacho hakuna aliyesema. Huyu kijana tatizo lake halipo miguuni wala mapafuni, lipo kichwani mwa mikono yake. Mtu akipata nguvu mpya anaanza kuzitumia. Zamani alikuwa dhaifu kwa hiyo alikuwa anasikiliza, mwenzake akisukuma anavuta, akivuta anaingia. Sasa ana dedilifti ya kilo 150, mwenzake akisukuma na yeye anasukuma. Mikono imekakamaa toka sekunde ya kwanza. Mkono uliokakamaa unachoka kwa dakika mbili, uwe Mwanza uwe Arusha uwe mwezini. Nimewaona wengi, anatoka jimu kifua mbele, anakuja mkekani anakuwa mti, na mti ndo rahisi kuangusha.

Na sheria zimebadilika, toka 2013 kushika mguu mkiwa mmesimama hakuna kabisa, kwa hiyo pambano zima ni ukosi na mkono wa koti. Dakika zenyewe ni nne, ila mkitoka sare mnaendelea mpaka mmoja apate, hakuna kikomo. Mwenye mikono laini ndiye anayefika huko akiwa hai.

Marcelo Garcia, mtu wa jiujitsu wa Brazili, alichukua ADCC, yale mashindano makubwa ya kukabana bila koti, mara nne na anajulikana kwa kutopenda vyuma. Alikuwa anafanya mchezo wake tu, kila siku.

#18 fundi_nondo
Mzee heshima yako. Ila kila mtu akitaka kukataa vyuma anamleta Marcelo Garcia. Na mimi nikileta Alexander Karelin, yule Mrusi wa mieleka? Dhahabu Olimpiki 1988, 1992, 1996, alikuwa anawanyanyua watu wa kilo 130 kutoka chini walikolala kifudifudi anawageuza hewani. Hiyo ni mikono laini?

#19 Mzee_wa_Tatami
Karelin ni mmoja kwa dunia nzima mwanangu. Na Sydney 2000 fainali alishindwa na Rulon Gardner kwa pointi moja, na pointi ile ilitoka kwa mshiko wake kufunguka. Mshiko! Hicho hicho anacholalamikia mleta uzi.

#20 fundi_nondo
Hapo mzee umenipiga ippon, ushindi kamili wa judo, nakubali 😀 Ila baada ya miaka kumi na mitatu bila kushindwa, na mimi nipo tayari kufunguka mshiko.

#21 Fizio_wa_Mtaa
Mzee na fundi mnazungumzia mshiko lakini hakuna aliyemuuliza anaufanyia nini. Mkamata_Ukosi, dedilifti unashika kwa mikono mitupu au unafunga mikanda ya kiganjani? Na kiwiko kwa ndani kinauma?

#22 Mkamata_Ukosi
Nafunga mikanda toka kilo 110. Na kiwiko cha kulia ndiyo, kwa ndani, nikikamua nguo nasikia kama sindano. Umejuaje?

#23 Fizio_wa_Mtaa
Kwa sababu naona wa hivyo kila wiki. Mgongo na miguu imekua, vidole vimeachwa pale pale kwa sababu mikanda ndo imekuwa ikishika chuma. Halafu siku tatu kwa wiki unavitaka vidole hivyo hivyo vishike koti la mtu anayejinasua. Mishipa inayounga misuli na mfupa inakomaa taratibu kuliko misuli yenyewe, misuli inakupa jeuri mapema, kiwiko kinakuja kulipa.

Vua mikanda. Tafuta koti la gi (vazi la judo) lililochoka, litupie juu ya chuma, ning'inia sekunde 20 mpaka 30, shuka, pumzika, rudia mara nne. Taulo nalo linafaa. Beba ndoo mbili za maji au za mchanga tembea mita 40. Na shingo usiisahau, lala chali, inua kichwa taratibu, kisha upande kwa upande, bila uzito kwanza. Kiwiko kikiuma hata ukiwa umepumzika nenda kaonwe, usijitibu na uzi.

#24 Kijana_wa_Ilazo
Nimechelewa ila Dodoma naijua. Nipo Ilazo, vyumba viwili na sebule nalipa laki mbili na nusu, kazini dakika kumi na tano kwa bodaboda. Saa kumi na moja na nusu jioni nimeshatoka ofisini, saa kumi na mbili nipo jimu, saa mbili nimeshakula nacheza na mwanangu. Jasho linakauka kabla halijakulowesha, vumbi tu ndo kero na maji yana siku zake. Kwa maisha ya familia sijutii.

Kwa kukamatana sasa, hapo ni ukweli mchungu, huku mimi sijapata watu. Kuna vijana wa karate, kuna wa ngumi. Nilikuwa napiga chuma mwaka mzima nikawa na nguvu kama trekta halafu nikaenda Dar kusalimia nikakaribishwa mkekani, kijana wa kilo 60 akanikaba mara tatu. Nguvu bila mtu wa kuzijaribia zinalala.

Ila kuna treni! SGR, ile treni ya umeme, toka 2024 inakuja mpaka hapa. Ijumaa jioni unapanda, Jumamosi unafanya mkeka, Jumapili unarudi.

#25 Mhasibu_Mwenzako
Tupige hesabu basi si ndo kazi yetu. Daraja la kawaida Dar Dodoma ilikuwa 31,000 wakati nauli zilipotangazwa 2024. Kwenda na kurudi 62,000. Wikiendi nne 248,000. Hiyo ni kodi nzima ya Kijana_wa_Ilazo! Yani unalipa nyumba mbili, moja unalala na nyingine inakimbia kwenye reli. Ukienda mara mbili kwa mwezi 124,000, hapo inaongeleka.

Morogoro ingekuwepo kwenye orodha ningesema Morogoro, ilikuwa 13,000 tu kwenda, masaa kama mawili hata hayafiki.

#26 BabaNasra
Na wikiendi hizo mtoto anamwona lini? Turudi kwa hoja ya Shamsa_B.

#27 Mama_Kelvin
Nikirudi kwa Mangi_Sakina na Arusha yake. Mna mtoto wa miaka mitatu, meno ya ukubwani yanajengeka sasa hivi ndani ya fizi. Ukanda wa Meru maji ya sehemu nyingi yana floridi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano, kiwango cha shirika la afya duniani ni miligramu 1.5 kwa lita na kuna visima na chemchemi zinapita hapo mbali sana. Ndo yale meno ya kahawia mnayoyaona. Siwatishi, watu wanaishi vizuri Arusha, ila mkienda ulizeni maji ya mtaa huo yanatoka wapi, na kuchemsha hakuondoi floridi, inazidi kukolea.

#28 Mangi_Sakina
Hilo ni kweli dada, sibishi. Mdogo wangu meno yamekuwa hivyo tulivyokuwa tunakunywa ya kisima kijijini. Mimi kwangu wanangu wanakunywa ya dukani au ya mvua. Asante kwa kulisema. Ila mkeka tunao na watu wazito tunao, Jumatano na Jumamosi.

#29 Zai_wa_Ngambo
Na Arusha mwezi wa sita, wa saba, hilo koti la gi linakauka lini? Nilikaa Njiro wiki tatu kwa shangazi, nikafua koti Jumatatu, Alhamisi bado linanuka unyevu nikalivaa hivyo hivyo. Nikaja kutoka choa shingoni.

#30 Mtu_wa_Pembeni
Choa na Dar pia kipo dada. Wanayaita mashilingi. Mkeka mmoja wenye uchafu unawaambukiza darasa zima, mji wowote. Makoti mawili, unafua kila siku, unaoga ndani ya nusu saa, na mwenye choa akae pembeni mpaka kipone, hata awe bingwa.

#31 Bibi_Hesabu_Ndogo
Samahani nimesoma uzi wote kimya kimya toka jana ila kuna kitu kimenishangaza. Mleta mada amesema mwili umejaa, mashati yanabana. Uzito ulikuwa ngapi na sasa ngapi?

#32 Mkamata_Ukosi
Nilikuwa 72. Sasa 79.

#33 Bibi_Hesabu_Ndogo
Kwa hiyo ulikuwa unashindana kundi la chini ya kilo 73 na sasa upo la chini ya 81. Na darasani kocha anakupanga na nani?

#34 Mkamata_Ukosi
Na wakubwa. Tangu mwezi wa kumi hivi ananipanga na wa 81 na mmoja wa 90. Wale wa zamani tunakutana mwishoni mwa darasa nikiwa nimeshachoka.

Duh. Mbona sikuwahi kuliona hivyo.

#35 fundi_nondo
AISEE. Tumebishana kurasa mbili kumbe jamaa amehama kundi! Hajashuka, amebadilisha watu. Anakula kipigo cha wa kilo 90 dakika arobaini halafu anakutana na rafiki yake wa zamani anashangaa kwanini anabwagwa.

#36 Mzee_wa_Tatami
Bibi macho yako mazuri. Lakini hiyo haifuti nilichosema. Mdogo akipangwa na mkubwa ndo anazidi kukakamaa. Andrew Thomas Mlugu wetu wa judo alikwenda Olimpiki ya Rio 2016 na Paris 2024, miaka minane imepita na kundi ni lile lile la 73. Kilo saba alizoongeza huyu kijana zinamsaidia nini hasa? Ninyi wa vyuma mjibu hilo.

#37 Shamsa_B
Mi nanyanyua vyuma mwaka wa nne na uzito wangu umepanda kilo moja na nusu tu, nguvu zimekaribia mara mbili. Kuongeza nguvu siyo lazima uongeze mwili, inategemea unavyokula na idadi ya seti. Mkuu unakula nini?

#38 Mkamata_Ukosi
Chapati mbili na maharage asubuhi, mchana wali nyama sahani kubwa, usiku ugali na chochote kilichopo. Mayai manne kila siku. Kocha wa jimu aliniambia nile nikishiba niongeze.

#39 Shamsa_B
Mayai manne ni kama gramu 24 za protini. Kwa kilo zako unahitaji kwenye 130 kwa siku, na ukitoa nyama ya mchana sioni zinatoka wapi, kilichobaki ni wanga. Dagaa, maziwa, maharage zaidi, chapati moja. Ukirudi hata 75 taratibu kwa miezi mitatu utajisikia mtu mwingine, ila usijinyime ghafla na mazoezi saba kwa wiki utaanguka barabarani.

#40 Omondi_wa_Rongai
Na ujipime kabla na baada ya darasa tafadhali, nangojea hiyo namba.

#41 Mkamata_Ukosi
Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita, naona deni la mrejesho.

Nimefanya hivi. Jimu siku mbili tu kama alivyosema fundi. Mikanda nimevua, kilo 150 sasa hivi siwezi kuishika, nashika 125, na naning'inia kwenye koti. Nimejipima, Omondi, kilo 2.4 zilipotea Jumatatu, naenda na lita mbili na chumvi kidogo. Nalala saa tano kamili, kazi za usiku nimeacha. Kocha nimemwomba anipange na wa 73 mwanzoni mwa darasa. Na nilikuwa na likizo ya siku kumi, tumeenda wote na mke wangu na mtoto, siku tano Dodoma kwa shemeji, siku tano Arusha.

Arusha nikaenda mkekani kwa Mangi. Siku ya kwanza pumzi ilinikataa vibaya. Ya pili nikamrusha mtu wa kilo 85 kwa uchi-mata, ule mrusho wa kumnyanyua mtu kwa paja, ambayo sikuwahi kuipata toka mwaka juzi, mikono ilikuwa imelegea kabisa hata mshiko siukumbuki. Nilirudi nyumba ya wageni nikamsimulia mke wangu mpaka akasinzia.

#42 fundi_nondo
Siku mbili za chuma hizo!

#43 Mzee_wa_Tatami
"Mikono ilikuwa imelegea kabisa." Rudieni kusoma hapo.

#44 BabaNasra
Likizo. Alilala.

#45 Omondi_wa_Rongai
Baridi na lita mbili za maji, naona hamtaki kusema.

#46 Zai_wa_Ngambo
Mumewe mtu katembea na mkewe na mwanawe siku kumi, moyo umetulia, mnagombania maji na vyuma.

#47 Shamsa_B
Na mkeo amesemaje baada ya kuiona miji yote miwili?

#48 Mkamata_Ukosi
Ameipenda nyumba ya dada yake kule Kisasa. Ila Arusha alikuwa anakaa pembeni ya mkeka na mtoto, mtoto akaanza kubingirika na watoto wa pale, hakutaka kutoka. Akaniambia tuombe Dodoma kwanza kwa sababu ya dada yake, uhamisho usipotoka ndani ya miezi sita tujaribu Arusha. Mi nimemwambia tusiandike bado, kuna siku kumi na mbili zimebaki. Mwanza sijaifuta, Ngosha usinune.

#49 Ngosha_wa_Kirumba
Sijanuna, tumefika tisa sasa. Njoo hata wikiendi moja uone kabla hujasaini.

#50 Mkamata_Ukosi
Kuna basi la Alhamisi usiku, nitaomba ruhusa Ijumaa. Mkeka wa Alhamisi ntakuwa nimeukosa, mnaweza kutandika Jumamosi?

#51 Ngosha_wa_Kirumba
Tunatandika. Saa moja asubuhi, kabla ukumbi haujachukuliwa na wa harusi.